Usinunue Uzi kwa Jina

Hii ni hotuba niliyoitoa Nyahururu kwa wafumaji wa chama chetu, asubuhi ya siku ya kwanza ya mafunzo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti, akina mama, na ninyi vijana watatu mliojificha nyuma karibu na mlango kana kwamba kufuma ni kosa, hamjambo! Msilalamikie baridi ya leo. Baridi ndiyo inayotulisha.

Nimekuja na sweta hili. Naomba mlipitishe, kila mtu alishike, alivute, alipime uzito kwa mkono. Usiogope kuliharibu, liliharibika zamani. Ni la marehemu baba yangu. Nililifuma mwaka ule nilipoanza kujiita fundi. Patani, yaani maelekezo ya kufuma, nilikuwa nimeitoa kwenye jarida la Uingereza, na ilitaka uzi wa sufu, DK, hilo ni jina la unene wa uzi, madonge 12 ya gramu 50. Nikaenda dukani. Sufu hakuna. Kuna pamba nzuri, rangi ya kijivu, na kwenye karatasi yake imeandikwa DK. Nikajiambia, DK ni DK. Nikachukua madonge 12, nikarudi nyumbani nikiimba.

Uzi uliniishia nikiwa kwenye kiwiko cha mkono wa kwanza. Nikarudi dukani nikapata mengine, lakini bechi ya rangi ilikuwa nyingine, na mkilitazama karibu na dirisha mtaona kijivu mbili. Baba alilivaa Krismasi, likamkaa vizuri sana, nikasifiwa. Kufikia Pasaka lilikuwa limeshuka hadi mapajani. Kila likifuliwa linarefuka, likianikwa kwenye kamba linarefuka zaidi. Mzee hakusema neno. Aliendelea kulivaa, na mtu akimuuliza anajibu kwamba binti yake alimfumia koti.

Makosa yote ya sweta hilo yalitoka kwenye herufi mbili: D na K. Asubuhi hii nataka tuzichambue hizo herufi na ndugu zake, ili mkienda dukani na patani inayotaka uzi usiokuwepo, na hapa kwetu uzi wa kwenye patani haupo karibu siku zote, mjue mnachokitafuta.

Tuanze na majina, halafu tuyaache haraka. Unene wa uzi una majina ya kila aina kwa sababu kila nchi ilijipangia. Uingereza walihesabu plai, yaani nyuzi ndogo ngapi zimesokotwa pamoja. Zamani kila uzi mdogo ulikuwa na unene unaokaribiana, kwa hiyo plai nne ilikuwa nene kuliko plai tatu, na DK, maana yake ufumaji maradufu, ilikuwa kama plai nne mara mbili. Ndiyo maana Australia na New Zealand uzi huohuo wanauita plai nane. Leo hesabu hiyo imevunjika. Kuna uzi mnene kama kidole uliosokotwa kwa uzi mmoja tu, na kuna mwembamba wa plai sita. Ukihesabu plai kwa macho leo, umehesabu jinsi uzi ulivyosokotwa. Unene bado hujaupata.

Wamarekani nao, kupitia Craft Yarn Council, baraza lao la wafanyabiashara wa uzi, walipanga namba 0 hadi 7. Mtaziona kwenye lebo ndani ya picha ndogo ya donge. Namba 0 ni uzi wa lesi. Namba 1 ndiyo huangukia plai nne ya Waingereza, uzi wa soksi na nguo za watoto wachanga. Namba 3 ni DK, na sweta nyingi za kwetu ziko hapo. Namba 4 ni ule wanaouita worsted au Aran. Kuanzia 5 kwenda juu tunaingia kwenye uzi wa kofia nene na mablanketi.

Sasa sikieni jambo ambalo lebo haiwaambii. Kila namba ni boma, na boma lina nafasi ndani. Namba 3 inapokea uzi wowote unaotoa vitanzi 21 hadi 24 katika sentimita 10. Nikisema kitanzi, ninamaanisha ile ambayo wengi wetu tunaiita stichi. Kati ya 21 na 24 mnaona ni kitu kidogo? Sweta la vitanzi 220 kifuani, kwa 24 linakuwa na sentimita 92. Kwa 21 linakuwa na karibu 105. Hiyo ni tofauti ya mama na binti yake aliye kidato cha kwanza, na nyuzi zote mbili zimeandikwa namba 3, zote DK, pengine zinakaa kwenye rafu moja.

Kabla sijaacha majina, niseme kuhusu namba za sindano, kwa sababu mwaka jana mwenzetu mmoja alifumua mgongo mzima kwa ajili ya hili. Sindano zetu za zamani, zile za kurithi kwa shangazi, zina namba za Kiingereza. Namba 8 ni milimita 4. Patani ya Marekani ikikuambia sindano namba 8, inataka milimita 5. Mkasa wenyewe ni kwamba namba 6 imegeuka kinyume: ya Mwingereza ni milimita 5, ya Mmarekani ni milimita 4. Mtu akichanganya hawezi hata kushuku, kwa sababu namba anayoitafuta ipo kwenye kopo lake.

Nani hapa alijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli? Nyosheni mikono. Naona ni zaidi ya nusu. Basi mlikuwa mnafumia namba 14 bila kujua. Spoki ya kawaida ni waya wa namba 14, milimita 2, na sindano ya Kiingereza ya namba 14 nayo ni milimita 2. Waingereza walipima sindano kama wanavyopima waya, na kwenye waya namba inapanda kadiri waya unavyokuwa mwembamba. Wamarekani wakahesabu kwenda upande wa pili. Dawa ni moja: sahau namba, uliza milimita. Kama sindano haikuandikwa, ipime. Kuna vibao vyenye matundu vya kupimia, kimoja tunacho pale mezani.

Haya, majina tumeyamaliza. Twende kwenye kazi.

Patani yoyote ya heshima ina mstari mmoja ambao wengi tunauruka, kama tunavyoruka maandishi madogo ya mkopo. Unasema hivi, kwa mfano: vitanzi 22 na mistari 28 ni sentimita 10 kwa 10, sindano milimita 4. Waingereza huiita tensheni, Wamarekani huiita geji. Mimi nitasema geji kwa kuwa ni fupi. Mstari huo ndio patani yenyewe. Mengine yote, anza vitanzi mia na kadhaa, punguza hapa, ongeza pale, ni hesabu iliyozaliwa na mstari huo. Aliyeandika patani alifuma kipande, akahesabu, akazidisha kwa kifua cha mtu. Wewe ukipata geji nyingine, unafuata hesabu za mtu mwingine kwa kitambaa kisicho chake.

Na geji haimo ndani ya uzi. Lebo inakupa makisio ya kiwandani tu. Geji hutokana na uzi, sindano na mkono wako. Mimi nafuma kwa kukaza, mkono wa mtu aliyelelewa kwa deni. Dada yangu analegeza. Tukipewa donge moja na sindano za milimita sawa, yeye anatoa 20, mimi 23. Hata sindano ya chuma na ya mianzi zenye milimita sawa zinaweza kutofautiana mkononi mwa mtu mmoja, kwa sababu uzi huteleza kwenye chuma na kushikwa na mianzi.

Kwa hiyo tunafuma kipande cha majaribio. Ninawaona mnavyotazamana. Najua. Kipande cha majaribio ni uzi uliopotea, jioni iliyopotea, na mteja anataka sweta Ijumaa. Lakini mgongo uliofumuliwa je, huo si jioni nne?

Kosa kubwa ni kufuma kipande kidogo, upana wa sanduku la kiberiti, halafu kupima kutoka ukingo hadi ukingo. Vitanzi vya ukingoni ni waongo. Huvutwa au hulegea. Anza vitanzi 30 kwa uzi wa DK, 35 ukiwa mwembamba. Fuma kwa mtindo ambao sweta lenyewe litafumwa. Kama mwili wote ni ribu, ile michirizi inayovutika kama ya kiunoni, fuma ribu. Kama ni upande laini nje na wa vifundo ndani, fuma hivyo. Kama sweta litazungushwa bila mshono, zungusha na kipande pia, maana wengi wetu tukigeuka kufuma upande wa vifundo mkono hulegea, na aliyepima kipande cha kwenda na kurudi atashangaa sweta la duara likimbana. Fuma hadi kipande kiwe karibu mraba. Kitoe sindanoni.

Usikipime bado! Kioshe kwanza. Kioshe kama mteja atakavyofua, si kama wewe ungependa afue. Kama unajua ataloweka na sabuni ya unga na kuanika juani, fanya vivyo hivyo. Kikaushe kikiwa kimelala. Halafu weka rula katikati, hesabu vitanzi katika sentimita 10, na ukikuta nusu kitanzi usikitupe. Nusu kitanzi katika kila sentimita 10, kwenye sweta la kifua cha mita moja, ni vitanzi vitano, na hivyo ni zaidi ya sentimita 2.

Kwa uzi mzito, hasa pamba, nina jambo la ziada ambalo nililipia kwa lile koti la baba. Kipande kikishakauka, kibanie pini mbili za nguo chini, kitundike usiku kucha, asubuhi kipime tena. Kama kimerefuka kikiwa na pini mbili tu, sweta zima lenye mikono na shingo litafanya nini?

Umepata vitanzi vingi kuliko vya patani, panda sindano. Umepata vichache, shuka. Robo ya milimita au nusu kwa mara moja. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba unaweza kulazimisha uzi ukupe geji na bado ukakosa kitambaa. Chukua uzi mwembamba wa plai nne, ufume kwa sindano ya milimita 4, unaweza kabisa kupata vitanzi 22. Namba imetimia. Lakini shika kile kitambaa uone mwanga: ni wavu, unaweza kuchujia chai. Geukia upande wa pili, kamata uzi mnene wa worsted, ukaze kwa sindano ndogo upate 22, na umetengeneza zulia la mlangoni. Ndiyo maana baada ya rula kuna mkono. Kikunje kipande, kivute, kiachie, kiweke shingoni. Mwanafunzi wa darasa la pili atakivaa hiki siku tano kwa wiki? Kama jibu ni hapana, uzi huo haufai patani hiyo hata kama hesabu imekubali.

Tuseme umepata 20 badala ya 22, kitambaa umekipenda, na ukishuka sindano kinakuwa kigumu. Huna haja ya kuacha. Unataka kifua cha sentimita 100. Kwa 20, hivyo ni vitanzi 200. Rudi kwenye patani utafute saizi inayotumia vitanzi karibu 200. Itakuwa ile ya kifua cha sentimita 91 au karibu yake. Fuata saizi hiyo kwa mambo yote ya upana, na urefu upime kwa futi ya fundi juu ya mwili wa mtu. Mimi nimefuma hivi miaka mingi, na sijaona mteja aliyeuliza saizi ya patani ilikuwa ngapi.

Mistari ni shida nyingine. Urefu wa mwili unaweza kuutengeneza kwa futi, unafuma hadi pafike unapotaka. Lakini kwenye mabega ya reglani, yale yanayopungua kwa mshazari kutoka kwapani hadi shingoni, patani inahesabu mistari. Ikisema mistari 56 kwa geji ya 28, inataka sentimita 20. Wewe ukiwa na 32, mistari hiyo hiyo inakupa 17 na nusu, na mtoto hawezi kuinua mkono kujibu swali darasani. Hapo unaongeza mistari isiyopunguza kitu kati ya ile inayopunguza. Mchana tutaifanya kwa vitendo, kwa maneno haieleweki.

Sasa tuje kwenye pesa, naona hata wale wa mlangoni wameinua vichwa.

Uzi tunauziwa kwa gramu, lakini sweta linakula mita. Patani ile ya baba ilitaka madonge 12 ya gramu 50, kila donge mita 120. Zidisha: mita 1,440. Hiyo ndiyo namba ya kubeba dukani. Gramu 600 ziache nyumbani. Pamba niliyonunua ilikuwa na mita 85 kwa gramu 50. Madonge 12 yalinipa mita 1,020. Nilikuwa nimepungukiwa mita 420 tangu natoka mlangoni mwa duka, na nilikuwa naimba! Gawanya 1,440 kwa 85, utapata karibu madonge 17. Hayo ni gramu 850. Haya, chukua akriliki ya DK, donge la gramu 100 lenye mita 290. Gawanya, unapata matano kasoro kidogo sana. Mimi ningenunua sita, kwa sababu kipande cha majaribio nacho kinakula, na kwa sababu bechi ya rangi ikiisha imeisha.

Tazameni hapo. Sweta moja, geji moja, jina moja la DK: sufu gramu 600, akriliki 500, pamba 850. Kwa nini? Kwa sababu vitu vyenyewe havina uzito mmoja. Kipande cha ujazo wa sentimita moja cha pamba ni kama gramu moja na nusu, cha sufu ni kama 1.3, cha akriliki hakifiki 1.2. Na sufu ina mawimbi ya asili yanayoshika hewa, uzi unavimba bila kuongeza uzito. Kwa hiyo mita kwa gramu ni kipimo kizuri sana cha kulinganisha sufu na sufu, au akriliki na akriliki. Ukivuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kinaanza kukudanganya, na inabidi urudi kwenye kipande chako.

Sufu ukiivuta inarudi, kwa hiyo ribu ya sufu hubana kiuno miaka na miaka. Pamba haina kurudi. Ribu yake ni pambo. Ukilazimika kutumia pamba kwenye patani ya sufu, fuma ribu kwa sindano ndogo zaidi kuliko ilivyoandikwa, fupisha mwili kidogo, na usiweke misuko mizito inayoongeza uzito. Sufu ya kawaida ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, inashikana na kusinyaa isifumuliwe tena. Ile iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine haishikani, lakini ina tabia ya kutanuka ikilowa, na kipande kisichooshwa hakitakuonyesha hilo. Akriliki haina shida ya maji. Adui yake ni pasi. Pasi ya moto ikigusa akriliki, uzi unalala na hauamki. Nimeona sweta za shule zilizopigwa pasi na msaidizi mwenye nia njema zikatoka zimelegea kama kitambaa cha jikoni, na hakuna maji wala maombi ya kuzirudisha.

Nyuzi za kondoo wetu wenyewe, za Corriedale na merino wa huku juu, zile akina mama wanazosokota kwa mkono, nazipenda kuliko zote. Ila hazina lebo na unene wake hupanda na kushuka. Pima sehemu tatu za shada, sio moja.

Wengi wetu hatununui madonge ya lebo hata hivyo. Tunanunua koni za uzi wa mashine za kufumia, au tunafumua mitumba. Koni ya akriliki ina maandishi kama 2/32, na watu huyaona kama namba ya siri. Si siri. 32 ni mita katika gramu moja ya uzi mmoja mdogo, na 2 ni nyuzi hizo mbili zimesokotwa pamoja. Gawanya 32 kwa 2, una mita 16 kwa gramu, yaani mita 1,600 kwa gramu 100. Uzi wa utando wa buibui. Ukishika nyuzi nne za koni hiyo pamoja, gawanya kwa nne: mita 400 kwa gramu 100, na hiyo ndiyo plai nne. Akriliki ya DK ni karibu mita 290, basi shika tano au sita, fuma kipande, uamue. Hesabu hii ya kugawanya inafanya kazi kwa uzi wowote unaounganishwa. Aliyeko mbali na duka la madonge lakini jirani na fundi wa mashine ana utajiri ambao hajaujua.

Kuhusu mitumba. Mimi nikishuka Nairobi sikosi kupita Gikomba, na sitafuti sweta la kuvaa. Natafuta sweta kubwa la mwanamume, sufu, lililotobokea kiwiko, ambalo hakuna anayelitaka. Kabla ya kulipa, geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Kama ukingo wa kitambaa ni mzima na umeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, nunua. Litafumuka uzi mrefu hadi mwisho. Kama mshono umekatwa na kupigwa ovaloki, liache. Kila mstari ulikatwa, utapata vipande vya urefu wa mkono na hasira.

Ukishafumua, uzi una mikunjo kama tambi za pakiti. Usiupime hivyo. Zungushia kwenye mgongo wa kiti upate shada, funga sehemu nne, loweka, tundika ukiwa na kitu chepesi chini ukauke. Halafu kata kipande kidogo ukiunguze juu ya beseni la maji, ukikishika kwa koleo. Ukinuka nywele na kujizima wenyewe, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni akriliki au nduguye. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Kisha zungusha uzi kwenye rula bila kuuvuta, nyuzi zigusane bila kupandana, na uhesabu mizunguko katika inchi moja. Kati ya 11 na 15 uko kwenye boma la DK. Mwisho pima mita 10, uziweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma vipande vya gramu. Kama ni gramu 4, una mita 250 kwa gramu 100. Umejiandikia lebo. Ipachike kwenye shada kwa karatasi na pini, kwa sababu baada ya mwezi hutakumbuka.

Mama mmoja ameniuliza hapa kabla hatujaanza: je, kama mteja ameleta uzi wake mwenyewe, ameshaununua, na unaona hautoshi wala haufai? Mwambie siku hiyohiyo, kabla ya kuanza kitanzi cha kwanza, na umwonyeshe kipande. Kipande kikiwa mkononi mwake hakuna ugomvi. Ukianza kwanza ndipo useme, uzi umeula wewe.

Sasa basi. Mezani kuna madonge ya aina tatu, yote lebo yake inasema DK. Kila mtu achukue la kwake bila kuchagua, na sindano za milimita 4, mzipime kwenye kibao kwanza hata kama zina namba. Vitanzi 30. Beseni ziko nje karibu na tangi. Tutaosha saa nane, vilale usiku, kesho asubuhi tutavipanga vyote ukutani na jina la kila mmoja chini. Lile sweta la baba, aliyelishika mwisho, naomba anirudishie, nitalivaa jioni jua likizama.